Friji Lililopinduliwa Mara Tatu

Tangu nilipokabidhi funguo za karakana, vijana wameshanijia nyumbani hapa Same mara tatu na swali lile lile: utajuaje kwamba mtambo wa baridi umefika mwisho, na mwenye nyumba aambiwe atafute mwingine? Wanauliza kwa sababu ya viyoyozi vya madirishani na mafriji ya umeme wanayoyashika siku hizi. Mimi jibu lake nililipata kwenye friji la mafuta ya taa, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nchi, na nililipata kwa aibu. Nimeona niliandike, maana nikiwaeleza kwa mdomo wanaitikia vizuri kabisa na wakifika getini wamesahau. Mambo ya vyeo na mishahara msiyatafute humu. Muulizeni mke wangu, yeye ndiye aliyekuwa akiyafuatilia.

Karakana ya kwanza niliyofanyia kazi ilikuwa nyuma ya duka la Mhindi mmoja, karibu na stesheni. Fundi mkuu alikuwa Mzee Athumani, mtu wa Pangani, mwembamba, mwenye kofia nyeupe isiyoshika mafuta hata siku moja, na mpaka leo sijui alifanyaje. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa taa. Mafriji yalipoanza kuja, ya kuwashwa kwa mafuta ya taa, wenzake waliyaogopa. Yeye alichungulia chini akaona utambi na chombo cha mafuta, akasema, "Hii ni taa tu, imevaa koti." Akawa fundi wa mafriji.

Nilifika kutoka Ugweno nimeshika viatu mkononi ili visichakae. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Akasema, "Marahaba. Shika huko." Nikashika. Kumbe ananishikisha friji, na analipindua kichwa chini, miguu juu. Akalikalisha hivyo hivyo kwenye gunia. "Kaa nalo," akaniambia. "Likianguka, hakikisha limekuangukia wewe, lisipasuke." Akaenda zake kunywa kahawa. Nilikaa na friji lililosimama kwa kichwa siku nzima, watu wanapita wananitazama, nami nafikiri nimeajiriwa na mwendawazimu. Jioni tukaligeuza. Kesho yake tukaliwasha, na adhuhuri nilipotia mkono ndani, baridi ikanipokea.

Ndipo akanieleza. Mafriji yale hayakuwa na injini. Ndani ya mabomba ya nyuma mlikuwa na maji na hewa kali ya amonia, na ule moto wa chini ndio uliokuwa ukivisukuma vizunguke. Miaka ikienda, maji yale hutulia pasipo pake na kuziba njia. Ukilipindua, hulegea, kama unavyompiga mgongoni mtoto aliyepaliwa. Wengi hawakuamini kwamba moto unaweza kuleta baridi. Mimi mwenyewe niliamini kwanza, kuelewa kulikuja baadaye sana.

Mzee Athumani alikuwa na sheria chache na alizirudia mpaka zikachosha. Moto uwe wa buluu. Ukiona wa njano, kata utambi kwa mkasi na usugue masizi kwenye dohani. Friji lisimame sawasawa; weka pimamaji juu yake, na kama huna, weka sahani ya maji. Na mgongo wake upumue. Hili la mgongo nililiona kwa macho yangu kwetu Ugweno, kwa mchungaji mmoja. Friji lake lilikuwa limeacha kupoza, na nilipoingia sebuleni sikuliona friji. Nililiona shuka. Mke wa mchungaji alikuwa amelifumia kitambaa cheupe chenye maua, kinashuka mpaka sakafuni mbele na nyuma, maana kwetu kitu cha heshima hakiachwi uchi. Nikakivua. Mama akasikitika sana. Nikamwambia, "Mama, lifunike mbele tu, nyuma liache lione haya." Alicheka, na friji likapona bila mimi kutoa hata bisibisi.

Kuna jambo moja la mzee yule nilikuwa silipendi. Mara nyingine alikuwa akikagua friji, ananusa, anagusa mabomba, anawasha moto na kukaa mbele yake kimya. Kisha anamwambia mwenye friji, "Hili basi." Hamalizii na maneno mengine. Mimi niliona ni kukata tamaa, uvivu wa uzee. Aliporudi kwao Pangani kupumzika na karakana ikabaki kwangu, nilijiapia kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwangu. Na halikutoka. Miaka mingi nilizunguka, nyumba za maofisa wa serikali, mashamba ya mkonge, misheni za milimani, na kila friji nililoitiwa nililiacha lina barafu. Barafu ndiyo ilikuwa sahihi yangu. Sikuondoka kwa mtu mpaka nimefungua mlango mbele ya wenyeji na kuwaonyesha barafu. Watu wakaniita Mfufuaji. Mchungaji yule wa Ugweno akanionya kwa upole kwamba jina hilo lina Mwenyewe. Nikamjibu, "Mimi nafufua mafriji tu, Baba Mchungaji." Nilikuwa nimevimba kichwa kweli kweli.

Sasa niwaeleze habari za Mamba.

Mwalimu Yohana alikuwa akifundisha shule ya misheni huko Mamba, upande wa Upare Kusini. Yeye na mkewe walikuwa na binti wa miaka kumi na mmoja, Nakiete, mwenye ugonjwa wa sukari. Maisha ya mtoto yule yalikuwa ndani ya vichupa vidogo vya dawa ya sindano. Mama yake ndiye aliyekuwa akimchoma, asubuhi na jioni. Dawa ilitoka hospitali ya misheni kule chini bondeni, na daktari aliwapa ya miezi miwili kwa mkupuo kwa sababu ya umbali na mvua. Alisema ikae kwenye ubaridi. Alipohama mzungu mmoja wa misheni, friji lake kuukuu likapandishwa kwa Mwalimu, kwa ajili ya vichupa vile. Friji hilo halikuwekwa pale kwa soda wala nyama. Nataka mlielewe hilo, maana mimi sikulielewa.

Mara ya kwanza niliitwa limeacha kupoza kabisa. Nilipanda lori mpaka chini ya mlima, halafu miguu, na sanduku la vifaa begani. Nikalikuta limeinamia upande wa bonde, nikaweka vijiti chini ya miguu mpaka pimamaji likakubali. Nikalipindua siku nzima. Mama Nakiete akanipikia makande, nikala nikashiba, na kesho yake baridi ilikuwa imerudi. Nakiete alikuwa mtoto mkimya, mwenye macho ya kufuatilia. Alisimama karibu nami muda wote akiuliza kila chombo kinaitwaje.

Mara ya pili ilikuwa baada ya miezi kadhaa. Nikalipindua tena. Baridi ikarudi, ila kwa kujivuta.

Mara ya tatu hata majuma matano hayakupita. Nilipofika, Mama Nakiete alikuwa amehifadhi vichupa ndani ya kijungu kilichozamishwa kwenye mtungi wa maji, uvunguni, mahali pa giza. Akanitazama nikifungua sanduku, akasema, "Fundi, samahani, mimi si mjuzi. Lakini hili friji halijachoka?"

Nikacheka. "Mama Nakiete, mashine haichoki. Anayechoka ni fundi."

"Mimi naona limechoka," alisema. "Hata mlio wa moto wake umebadilika."

Mwalimu akamwambia, "Mwache fundi afanye kazi yake." Na mimi nikafurahi kutetewa. Hapo ndipo nilipopaswa kukaa kimya mbele ya moto ule kama Mzee Athumani. Mwanamke aliyekaa na friji lile usiku na mchana alikuwa ameniambia hali yake kwa maneno machache, nami nikamhesabu kuwa mpishi wa makande.

Nikalipindua. Halikuitika vizuri. Basi nikafanya ujanja ambao nilikuwa nimeufanya kwingine: nikapandisha utambi juu kuliko kawaida, nikalilazimisha. Siku ya pili lilishika baridi kali. Siku ya tatu kulikuwa na barafu, tena nyingi. Nikawaita majirani. Nikafungua mlango mbele yao kama kawaida yangu, nikakwangua barafu nikawagawia watoto, wakawa wanaruka ruka na vidole midomoni. Mzee mmoja aliionja akasema meno yamemkumbusha ujana wake. Nilikuwa nimetukuka.

Kisha, na hili nalisema taratibu, nikavitoa vile vichupa kwenye mtungi wa Mama Nakiete, nikavipanga kwa mkono wangu mwenyewe rafu ya juu kabisa, ubavuni mwa barafu. Nikamwambia, "Hapa ndipo penye baridi ya uhakika. Baridi ikizidi ndiyo uzuri wake." Akaitikia, "Asante, fundi." Nikashuka mlima nikiimba.

Kama majuma matatu baadaye, Mwalimu Yohana alitokea mlangoni pa karakana. Ilikuwa asubuhi, viatu vyake vimejaa vumbi. Tukasalimiana, nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Fundi, Nakiete yupo hospitali," alisema. "Tulimteremsha kwa machela juzi. Alikuwa anakunywa maji hayamtoshi, akakonda, akaanza kutapika. Mwisho akawa anapumua kwa nguvu na kuweweseka, hatujui tunazungumza na nani."

Nikauliza, "Dawa iliwaishia?"

"Dawa alichomwa kila siku, hatukukosa hata sindano moja. Daktari ameviangalia vichupa. Anasema dawa iliganda. Ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Mama yake alikuwa anaikuta asubuhi ina nyuzi za barafu, anaiyeyusha kiganjani. Alidhani ndivyo inavyotakiwa."

Hakunilaumu. Wallahi angenilaumu ingekuwa nafuu. Nikakaa mimi kwenye kile kiti nilichomvutia yeye. Nilikuwa nimewaachia sumu ya aina yake: chupa iliyojaa, sindano iliyochomwa kwa wakati, na ndani yake hakuna dawa.

Nilifunga karakana nikaenda naye. Njia nzima hatukuzungumza zaidi ya mambo ya daraja na matope. Hospitalini nilimkuta Nakiete amelala, uso umekuwa mdogo, lakini amefumbua macho. Dawa mpya ilikuwa imeanza kumshika. Mama yake alikuwa ameketi pembeni, mkono wake juu ya mguu wa mtoto.

Nikasema, "Mama Nakiete, ni mimi niliyeziweka chupa pale juu. Na ni mimi niliyelilazimisha friji. Wewe uliniambia limechoka."

Akaitika kwa kichwa tu. Baadaye akauliza, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Utalitengeneza tena?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema ndiyo. Miaka yote ile ulikuwa umezoea kusema ndiyo. Akaendelea kabla sijajibu, "Nakuuliza hivi, fundi. Angekuwa ni mwanao, ungelitengeneza?"

"Hapana," nikasema. "Hili basi."

Neno lile nililolikimbia miaka mingi lilitoka kwa urahisi, kama mtu anayetua mzigo.

Hata hivyo sikutaka kusema tu kwa sababu ya aibu. Fundi anayehukumu mashine kwa aibu hana tofauti na yule anayeihukumu kwa majivuno. Nilimwomba daktari kipimajoto, nikapanda Mamba peke yangu, nikakaa siku nne na lile friji tupu. Nilishusha utambi, nikapima. Likawa vuguvugu kama chumba. Nikapandisha kidogo, nikasubiri, nikapima, bado. Nikapandisha unywele mmoja tu, likagandisha maji kwenye kikombe. Lilikuwa halina katikati. Lilijua joto na lilijua barafu, na dawa ya mtoto yule ilihitaji pale katikati. Mabomba yake ya nyuma yalikuwa na alama ya kijani kwenye maungio, na nilipoinama karibu pua ikachomwa na ile harufu kali ya amonia, kidogo sana. Dalili hizo zilikuwapo tangu mara ya tatu. Siwezi kusema sikuziona. Niliziona nikazipita, kwa sababu barafu ilikuwa inakuja.

Basi vijana, jibu lenu ndilo hilo, na halina siri. Mtambo ukinuka amonia, basi. Ukihitaji kufanyiwa jambo lile lile mara ya tatu, na kila mara nafuu inakuwa fupi kuliko iliyotangulia, basi. Ukiona unafanya kazi yake kwa kulazimishwa, basi, hata kama unatoa barafu ya kugawia kijiji. Na kabla ya hayo yote, muulize anayeishi nao kila siku, halafu uliza unatunza nini ndani yake. Friji la soda nitalipindua mara kumi kwa furaha. Kiyoyozi cha sebuleni kwa mtu mzima mwenye afya, kikifa leo, atatoka jasho na kesho atakulaumu. Cha chumba cha mgonjwa usikifanyie majaribio ya ufundi wako.

Nilifungua taa ya lile friji, nikaondoka na kichomeo chake, ili asije fundi mwingine mwenye kichwa kama changu akaliwasha. Mwalimu akalifanya kabati la vitabu vya shule. Panya hawakuweza kuingia, kwa hiyo mpira wa mlango ulikuwa bado na heshima yake.

Misheni iliwapatia friji jingine, si jipya kabisa lakini zima. Tabu ilikuwa kulipandisha. La kwanza lilipanda kwa kuburuzwa na kulazwa, nami nikasema hili halilazwi hata hatua moja. Wazee wa Mamba wakapiga pembe ya msaragambo. Kwetu Upareni pembe hiyo ikilia, kila nyumba inatoa mtu kwenda kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, na hakuna anayeuliza ni kwa faida ya nani. Siku hiyo walikuja na majembe, wakidhani ni mfereji. Walipoambiwa ni friji walitazamana, kisha wakaweka majembe chini wakakata miti ya kubebea. Wanane walibeba, wanane wakapokezana, friji limesimama wima katikati kama bibi harusi, nami natembea kando na pimamaji mkononi nikipiga kelele kila likiinama. Walinichoka. Mmoja akasema, "Huyu fundi tungembeba yeye, friji lingetembea lenyewe."

Tulipolifikisha, wote walitaka kuona barafu. Nikawaambia halitawashwa mpaka kesho, maji ya ndani yatulie, na likiwashwa halitatoa barafu, maana sitaliruhusu. Wakaondoka wamenuna. Nilikaa na kipimajoto siku tatu mpaka nikaipata ile katikati, ikatulia asubuhi, mchana na jioni. Nikatia alama ya rangi kwenye kirungu cha kupandishia utambi, kisipandishwe kuipita wala kushushwa.

Nakiete alirudi nyumbani. Miezi michache baadaye nilikwenda kusafisha dohani, kazi ya kawaida tu. Alikuwa amenenepa kidogo, ametoka shule. Akanisalimu, "Shikamoo, fundi," nikaitikia. Nilipoweka sanduku chini, akanipita, akafungua friji, akavitoa vichupa vyake vyote vinne, akavifunga kwenye kitambaa chenye maji, akaketi kizingitini na kuvipakata.

Nilisugua dohani, nikakata utambi, nikawasha. Nikanyoosha mkono nipokee vichupa nivirudishe.

"Bado," alisema. "Tusubiri kwanza tupime."

Mama yake aliona haya. "Nakiete, mpe fundi. Fundi ndiye anayejua."

Mtoto hakuinua hata uso. "Chupa nitaweka mwenyewe, mama."

"Mwache, Mama Nakiete," nikasema.

Nikafuta mikono, nikaketi kizingitini kando yake. Tukasubiri wote wawili mpaka kipimajoto kikatulia. Akakisoma yeye.